Bonde Lisilo na Watu

Ihaluka, usiku wa kuamkia safari

Mwanangu Tabitha,

Kamwene. Najua umelala hapo chumba cha pili, na ningeweza kukuamsha nikakwambia haya kwa mdomo. Lakini kwa mdomo nikianza nitatia mzaha, wewe utacheka, mama yako atatugombeza sote wawili, na neno lenyewe litakufa kabla halijatoka. Karatasi haicheki. Ndiyo maana nimeshika kalamu, mimi niliyefukuzwa darasa la tatu kwa kuigiza sauti ya mchungaji wakati mchungaji mwenyewe amesimama nyuma yangu. Ukikuta herufi zimelala upande, ziache zilale, zimechoka kama mwandishi wao.

Habari za blanketi, za kutopokea chakula cha watu usiowajua, za kusali kabla ya kulala, nimemwachia mama yako. Amezisema mpaka kuku wanazijua. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni mshtuko. Nimeshtuka mara mbili katika uzee wangu huu, na sijapona hata mara moja. Mara ya kwanza ilikuwa Makambako mbele ya ramani. Mara ya pili ni leo jioni, hapa hapa uani kwetu, na hii ya pili inakuhusu wewe. Nitaanza na ya kwanza, maana bila hiyo hutaielewa ya pili.

Wakati ule ulikuwa bado bwenini misheni. Bwana Shauri wa Njombe, yule Mzungu wa serikali, alitangaza kwamba wilaya itakuwa na baraza jipya, na madiwani wake watachaguliwa kwa kura, hawatateuliwa na wakubwa kama zamani. Kila upande wa wilaya utapata madiwani kwa kadiri ya watu wake. Jumbe Mlowe ndiye aliyetuletea habari, akiwa amevaa lile koti lake la mvua siku ya jua.

"Kwa kadiri ya watu," akasema. "Na sisi hapa tumejaa kama maharage chunguni."

Tulifurahi kweli. Unalijua bonde letu: kila kilima kina moshi, kila njia ina watoto. Jumapili wanaochelewa kanisani husimama nje wakasikiliza mahubiri dirishani kwa kukosa nafasi, nami huchelewa kwa makusudi. Watu wengi kiasi hicho, tukasema, diwani hatutakosa. Na tulijua la kumtuma. Tulitaka zahanati.

Hukuwahi kuambiwa vizuri habari za shangazi yako Anna. Ulikuwa mdogo, tukakwambia amesafiri. Uchungu ulimshika mvua ikinyesha, mtoto amekaa vibaya, tukamweka kwenye machela tukaelekea hospitali Njombe, milima ile yote. Hakufika. Tulimtua kwenye mteremko wa mwisho, mahali ambapo mabati ya mji yanaonekana. Nimelisema mara moja, sitalirudia, kwa sababu nikilirudia barua hii haitaisha.

Basi tulikwenda Makambako kusikia madiwani wamegawanywaje, mimi, Jumbe Mlowe na Mzee Ngole. Tulibeba ulanzi kwenye kibuyu kwa ajili ya kushangilia wakati wa kurudi, lakini unamjua Mzee Ngole. Tulishangilia wakati wa kwenda. Baraza lilifanyika ndani ya godauni la mahindi, kwa sababu nje palikuwa na upepo wa Makambako, ule unaovua watu kofia bila kuuliza vyeo vyao. Bwana Shauri akaagiza ramani ibandikwe ukutani, kisha akamwachia karani wake kijana aeleze.

"Hii ni wilaya yenu," akasema karani. "Kila kidoti hapa ni kundi la watu. Penye vidoti vingi pana madiwani wengi. Penye vidoti vichache, sehemu kadhaa zimeunganishwa ili zipate diwani mmoja."

Nikaitazama. Makambako palikuwa pamejaa vidoti kama uji ulioangukiwa na inzi. Mashamba ya miwati karibu na Njombe, vivyo hivyo. Mzee Ngole, ambaye macho yake humwona mwewe angani lakini hayaoni kijiko mkononi, akanigusa ubavuni.

"Yeremia, sisi tuko wapi?"

"Subiri, natafuta."

"Tafuta mto."

Mto niliuona. Nikaufuata na kidole hewani, kona kwa kona, mpaka mahali ninapopajua kuliko mfuko wangu. Palikuwa peupe kama sahani iliyolambwa na mbwa.

Nikasimama. "Bwana karani, hapa kwetu wino uliwaishia?"

Godauni zima likacheka. Karani naye akatabasamu, kijana mwenye adabu kabisa. "Hapana, mzee. Hapo hakuna watu."

"Hakuna watu?"

"Wapo wachache. Wazee, labda na wajane."

"Na mimi ni nani?"

"Wewe ni mmoja wa hao wachache, mzee wangu."

Wakacheka tena, na safari hii walikuwa wananicheka mimi. Mimi ndiye huwa nawachekesha watu, Tabitha. Sikujua jinsi kicheko kilivyo baridi ukiwa upande wa pili.

Mzee Ngole hakukubali. Akasimama na fimbo yake, akasema kwamba hata kama vidoti havipo, nchi ipo. Bonde letu na milima yake ni kubwa kuliko Makambako mara nyingi, kwa nini Makambako ipewe madiwani wawili na sisi tuchangie mmoja na watu wa tambarare ya Wanging'ombe?

"Mlima haupigi kura, mzee," akasema karani.

"Ni kweli," akajibu Ngole. "Lakini huyo diwani itambidi aupande."

Karani akamtafsiria Bwana Shauri, naye akaandika kitu. Lakini ramani haikubadilika siku ile.

Nikauliza vidoti vilihesabiwaje. Karani akasema wamefuata kodi ya kichwa. Mahali kodi ilipolipwa, hapo ndipo kichwa kilipo. Wanawake hawamo kwa kuwa hawalipi, watoto hawamo, wazee waliosamehewa hawamo. Ni vijana na watu wazima wenye stakabadhi zao.

Hapo ndipo nilipokaa juu ya gunia. Jumbe Mlowe alikuwa ananitazama. Alijua ninachokijua.

Unajua jinsi tulivyokuwa tunaishi na kodi hapa. Umekua ukisikia ule wito, na nadhani umewahi kuuimba na wenzako mkicheza: "Ng'ombe wa mjomba wameingia kwenye njegere." Tarishi wa kodi akionekana kule kilimani, wa kwanza kumwona anapiga ukelele huo, wa kilima cha pili anaupokea, mpaka unafika mwisho wa bonde. Na vijana wote wanateremka kwenye vinyungu, zile bustani zetu za majimaji, wanajilaza katikati ya matete mpaka mgeni aondoke. Karani wa kodi akifika anakuta wazee wanaota jua na akina mama wanapukuchua mahindi. "Vijana wako wapi?" "Wamekwenda kuwatoa ng'ombe kwenye njegere, bwana." Waliamini kwa miaka kwamba sisi ndio wafugaji wabovu kuliko wote Ubena.

Wito ule niliutunga mimi. Na nilijisifu kwa huo kuliko kwa lolote jingine nililofanya duniani, hata kumwoa mama yako, usimwambie.

Usidhani tulikuwa wahuni tu. Babu yako alihesabiwa mara moja maishani mwake, wakati wa vita vya Mjerumani na Mwingereza. Walikuja na kitabu, wakamwambia ajiweke kwenye mstari, akajiweka. Kesho yake alikuwa amebebeshwa mzigo wa risasi, akaondoka na mstari wake. Hakuna aliyetuambia alipoangukia. Bibi yako alinilea kwa neno moja tu: akija mtu anayehesabu, wewe usiwepo. Nami nikalilea bonde zima kwa neno hilo. Nikaliongezea na utani, likawa tamu, watu wakalipenda.

Sasa nimekaa juu ya gunia, naangalia bonde langu jeupe ukutani, na nafikiri: Yeremia, kazi uliifanya vizuri mno. Uliwaficha mpaka hawapo.

Bado hilo halikuwa pigo lenyewe. Tulipotoka nje, nani anakuja kwenye ule upepo, koleo begani, vumbi mpaka kwenye kope? Kaka yako Yohana. Alisikia kambini kwao, kambi ya wajenzi wa barabara, kwamba wazee wa Ihaluka wamefika, akaomba ruhusa aje kunisalimia. Akaniamkia vizuri, akanipa sukari ya mama yenu. Nikamwuliza kodi yake analipia wapi.

"Kambini, baba. Wanakata kwenye mshahara."

"Kwa hiyo wewe uko kwenye kidoti cha hapa."

"Kidoti gani?"

Nikamweleza. Akasikiliza, akacheka kidogo, cheko lake lile la kuinama. Nikamwuliza, basi kura atapiga hapa?

"Kura ni lini?"

Nikamtajia siku.

"Aa, siku hiyo tutakuwa mbali, tunamwaga kokoto kwenye barabara ya Iringa. Na wengi wetu kambini hatujui hata nani anagombea. Hao ni watu wa madukani, baba. Sisi tunalala hapa tu."

Tunalala hapa tu. Nikageuka kuitazama kambi yao, zile nyumba za bati zilizopangwa mstari, na kila aliyekuwa anapita nilimjua kwao. Huyu wa kwetu, huyu wa ng'ambo ya mto, wale wawili Wakinga wa kule juu Iwawa ambao hata joto la Makambako linawashinda. Hao ndio vidoti. Makambako imepata madiwani wawili kwa vichwa vya watoto wetu, na midomo itakayosema ni ya wengine, wachuuzi wa mahindi na wenye maduka na mawakala wa malori, watakaopiga kura wakati wenye vichwa wako barabarani na makoleo.

Nikamwuliza Yohana, kwa nini hasa ulikuja huku? Tulikuwa hatujawahi kuulizana. Siku alipoondoka nyumbani nilimtania tu kwamba anakimbia jembe.

Akasitasita. "Baba, nisiseme uongo. Nilichoka na vinyungu. Ile baridi ya mwezi wa sita, barafu juu ya majani, na mimi nimelala kwenye maji mpaka jioni. Kifua kilinibana mwaka mzima. Nikasema bora nilipe nilale kitandani."

Hakunilaumu. Laiti angenilaumu, ningepata la kujibu. Mimi nikichokozwa sikosi jibu. Alisema tu kama mtu anayetaja hali ya hewa, akaniaga akarudi kazini.

Kwa hiyo elewa mzunguko wake. Nilimficha mwanangu ili asiwe kichwa kwenye kitabu chao. Kwa kumficha nikamfukuza. Alikofukuziwa akawa kichwa kwenye kitabu chao, lakini si kichwa changu tena, wala si cha kwake mwenyewe. Na zahanati ilipojadiliwa kwenye baraza jipya, ikapewa Makambako, ambako mgonjwa akizidiwa lori linampeleka Njombe hata kabla hajamaliza kulalamika. Diwani wetu wa kuchangia, yule bwana wa Wanging'ombe, hakuitaja. Wala simtukani. Kwao maji hakuna, wanawake wanachimba mchanga kwa mikono kupata ndoo moja. Alisema maji, akasema maji, akaketi. Ningekuwa yeye ningesema hayo hayo. Mtu mmoja hawezi kulia kwa macho ya watu wawili.

Na watu wa mjini pia usiende ukawachukia. Wengine watakwambia mjini wanatuibia. Hawakutuibia kitu. Tuliwafungia wenyewe mizigo tukawapelekea, tukarudi nyumbani tukiimba habari za ng'ombe kwenye njegere.

Hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyoshtuka. Sasa sikia ya pili.

Baada ya lile baraza tulikwenda bomani Njombe, tukarudi tena, tukaenda tena. Jumbe Mlowe alisema kwa heshima, mimi nikasema bila heshima, na Mzee Ngole akasimulia habari za mlima wake kwa kila aliyekuwa na masikio. Mwisho Bwana Shauri akakubali kwamba kodi peke yake haitoshi. Akasema kabla ya uchaguzi unaofuata watu wa Ihaluka watahesabiwa upya, wanaume, wanawake, watoto, vikongwe, kila atakayelala humu bondeni siku ya hesabu. Tukifika idadi waliyoiweka, tutapata diwani wetu peke yetu. Tusipofika, tutabaki tulivyo.

Siku hiyo ni wiki ijayo. Ndiyo, wiki ijayo, wewe ukiwa umeshafika chuoni Dar es Salaam.

Jumbe Mlowe amezunguka nyumba kwa nyumba akihesabu kwa kunong'ona. Anasema tuko ukingoni kabisa, kichwa kimoja kinaweza kutuangusha. Na hapo ndipo watu wetu, ambao maisha yao yote walikuwa mabingwa wa kutokuwepo, wakageuka mabingwa wa kuwepo kupita kiasi. Wako wanaokwenda kuwaazima mashemeji waje kulala siku moja. Yuko aliyeuliza kama waliozikwa mwaka huu wanahesabika, maana wamelala bondeni humu humu. Mzee Ngole anasema mbuzi wake wana majina ya Kikristo tayari.

Leo jioni, wewe ulipokuwa kanisani kuwaaga wenzako wa kwaya, walikuja hapa, Jumbe Mlowe na Ngole. Tukakaa uani na ulanzi. Walianza mbali, kama posa. Habari za mvua, habari za mahindi. Kisha Jumbe akasema:

"Yeremia, tumekuja kumwomba binti."

"Mmemletea jembe la posa?" nikauliza. "Maana wewe Ngole huna meno ya kumtafunia mahari."

"Acha mzaha. Amwambie huyo bwana wa chuo kwamba anaumwa. Abaki mpaka hesabu ipite, kisha aende."

"Chuo kimesema asiyefika siku yake nafasi anapewa mwingine."

"Chuo kipo mwaka ujao pia," akasema Ngole. "Diwani wetu hayupo mwaka ujao. Yeremia, ukumbuke Anna. Ni dada yako, si wangu."

Hapo alinipiga pabaya. Nami kwa mdomo wangu huu, ambao haujawahi kungoja kichwa, nikasema: "Atabaki."

Nilisema hivyo, Tabitha. Wakafurahi, wakanipiga mgongoni, wakamaliza kibuyu, wakaondoka. Nikabaki nimekaa pale najiona mtu mkubwa aliyetoa sadaka. Sikuona kwamba sadaka yenyewe ilikuwa kanisani inaimba sauti ya pili na haijui lolote.

Mama yako alitoka jikoni. Alikuwa amesikia yote, ule ukuta wa matete hauzuii hata harufu. Hakupaza sauti. Ungemjua mama yako kama ninavyomjua mimi, ungejua kwamba akipaza sauti tuko salama.

"Baba Yohana," akasema, "Yohana ulimtoa hapa kwa kumficha asihesabiwe. Tabitha unamfunga hapa ili ahesabiwe. Ni lini utamwacha mtoto awe mahali alipo?"

Nikasema, "Ni kwa ajili ya zahanati."

"Na humo ndani ya zahanati atakuwemo nani? Ngole na mbuzi zake?"

Akaingia ndani.

Mwanangu, nimepigwa na radi ikaua ng'ombe wawili pembeni yangu, sikushtuka hivi. Wewe ndiye unayekwenda kusomea ukunga. Katika bonde hili lote wewe ndiye wa kwanza aliyemaliza darasa la nane, akafika siku ya usaili, akajibu Kizungu cha yule daktari bila kumeza mate. Na mimi nilikuwa tayari kumzuia mkunga ili tupate diwani, diwani atupatie zahanati, zahanati ikose mkunga. Nimezunguka kwenye mduara ule ule wa Yohana, safari hii kinyumenyume, na nilikuwa sijui, nilikuwa nakunywa ulanzi na kufurahi.

Kinachonitisha zaidi ni jinsi vilivyofanana. Nilidhani kosa langu la kwanza lilikuwa kuwaficha watu. Nikaamua kurekebisha kwa kuwaonyesha. Kumbe kosa ni lile lile: nilikuwa nawashika watoto wangu kama karata, hii naificha, hii naitupa mezani, kutegemea nani anacheza. Serikali ilituhesabu vibaya, ndiyo, kwa kodi badala ya watu. Lakini mimi niliwahesabu vibaya zaidi, maana nilikuwa nawajua kwa majina.

Basi nimeamua, na nimeona bora uyakute maneno haya yameandikwa, ili hata mimi asubuhi nisiyageuze.

Kesho utaondoka. Njia ya kwenda Makambako inapita uani kwa Jumbe Mlowe, hakuna pengine, na wazee watakuwa wamekaa pale na ulanzi wa asubuhi. Watakuona na mizigo. Wewe waamkie, uwape heshima yao, usisimame kujieleza, kwa kuwa hukuahidi kitu. Aliyeahidi ni mimi. Wataniita mwongo. Kuitwa mjinga nimezoea, ni chakula changu; kuitwa msaliti wa bonde sijazoea, nitajifunza nikiwa mzee.

Mzee Ngole atakuja baadaye kunishauri niseme upo. Atasema ni neno dogo tu, binti amekwenda mtoni, anarudi. Sitasema. Nimesema neno dogo la namna hiyo kwa makarani wengi mno katika maisha yangu, na nimeona lilikotufikisha. Na hao mashemeji wa kuazimwa nitawaambia warudi makwao wakahesabiwe huko, kwa sababu wasipohesabiwa huko, huko nako patakuwa peupe, na kuna mzee mwingine atakayekaa juu ya gunia.

Wewe huko Dar es Salaam, siku utakayolala huko, ni mtu wa huko. Usikubali kuwa mtu wa kulala tu. Uliza diwani wa mtaa wako ni nani, uliza kura ni lini, na siku yake ikifika usikubali kupangiwa kazi ya mbali. Yohana hakuuliza, nami baba yake sikumfundisha kuuliza, nilimfundisha matete. Najua sasa hivi wanaoruhusiwa kupiga kura ni wenye elimu na wenye mishahara. Wewe elimu unayo. Itumie kwa ajili yako na kwa ajili ya mabinti wa kufua na kupika ambao utawakuta huko wamelala tu, na ambao kwao, huko walikotoka, palibaki peupe.

Ukisikia tumekosa diwani kwa kichwa kimoja, na inawezekana kabisa, usikae ukalia kwamba kichwa hicho ni chako. Tulikuwa wengi, Tabitha. Tulijaa mpaka nje ya dirisha la kanisa. Ikitokea tumepungua, aliyepunguza ni mimi na ukelele wangu, si msichana aliyepanda basi kwenda kujifunza kuwapokea watoto.

Utarudi ukitaka. Usiporudi pia nitaelewa, ingawa nitamwambia kila mtu kwamba nakasirika. Mahali utakapokuwa, kuwa hapo mzima mzima.

Sasa koroboi inaishiwa mafuta, na mama yako anajifanya amelala. Sanduku lako nitalibeba mimi mpaka Makambako, usibishane nami mbele za watu, uzee wangu una haya yake. Tukifika kwa Jumbe Mlowe wakiniuliza, "Yeremia, kichwa tulichoahidiwa kiko wapi?", nitalitua sanduku chini, nitavua kofia, nami ambaye sijawahi kusimama kwenye mstari wa karani yeyote nitawaambia: mimi nipo, anzeni na mimi.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akutangulie, nami nitakufuata mpaka mlango wa basi.

Baba yako,
Yeremia